Firigisi na Risasi Isiyo na Ganda

Niliweka baruti kwenye ukingo wa mbabula, jiko la makaa la mama, Jumapili, kuku akichemka juu yake, ili ikauke. Nimesema. Sasa cheka umalize, halafu unisikilize, kwa sababu mtu haamki tu asubuhi akaenda kuweka baruti kando ya makaa na mchuzi wa kuku. Kuna mambo yanayomfikisha huko. Kwangu mimi mambo hayo yalitoka Sandoa juu ya lori la mihogo, yakiwa na sanduku la bati na adabu iliyopita kiasi.

Kwetu Musonoi, mtaa wa Kolwezi, kuku hachinjwi ovyo. Akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Shingo na mabawa ni ya wadogo zangu. Mgongo ni wa mama, na sijui nani alimdanganya kwamba mgongo una nyama. Firigisi ni ya baba. Mwanamke haiweki mdomoni kabisa. Nkambo wetu, mama yake baba, alisema atakayejaribu ataona, na kwa kuwa hakuna aliyejaribu, hatujui ataona nini. Lakini baba ni dereva wa tajiri mmoja Mwislamu aliyehamia huku kutoka upande wa mashariki, na safari za Dilolo zinammeza wiki nzima, wakati mwingine mbili ikiwa mvua imekula barabara. Baba akiwa njiani, firigisi inashuka kwa mtoto mwanamume wa kwanza.

Huyo ni mi. Yaani, nilikuwa.

Mama aliichota mwenyewe kwenye chungu, akaipuliza, akaiweka kwa vidole vyake juu ya bukari yangu, ugali wa kwetu. Wadogo zangu walitazama kama watu wanaotazama ndege ikitua. Mi nilikula polepole, nikifumba macho ili wateseke vizuri.

Halafu akaja yule wa Sandoa.

Ni mtoto wa dada mkubwa wa mama. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo, akalelewa na babu yake mzaa baba, mwindaji, na sasa aliletwa kwetu amalizie masomo. Ananizidi msimu mmoja tu wa mvua. Msimu mmoja! Siku ya kwanza mama alinishika bega akasema, "Huyu ni yaya yako." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na ukimwita mtu hivyo umekwisha: utamtekea maji ya kuoga na utamwachia kiti.

"Yaya wa wapi?" nikasema. "Huyu tulizaliwa na mvua moja."

"Weye ulizaliwa na mudomo," mama akajibu. "Batu bengine balizaliwa na akili."

Kuku wa kwanza baada ya yeye kufika, baba akiwa safarini, nilifuata mkono wa mama kwa macho. Firigisi ilitoka kwenye chungu ikifuka mvuke. Ikapita mbele yangu bila kusimama, kama treni ya shaba inavyopita kituo kidogo, ikaenda kutua upande wa yule wa Sandoa. Akasema, "Asante mama mudogo," akainamisha kichwa. Akala kama mtu anayekula ekaristi. Wadogo zangu hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi, na walifurahi, mashetani wale.

Ningependa kukuambia kwamba alikuwa mtu mbaya. Ingenisaidia sana. Lakini aliamka kabla ya jogoo akafagia uwanja. Alipiga pasi shati lake jeupe la masomo, halafu akapiga na langu. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje? Ilihitaji kazi. Mi niliifanya.

Kitu kimoja tu kilinibakia ambacho yeye hakuwa nacho: kopo la maganda. Baada ya vita vya wale waasi waliovuka mpaka, nilipokuwa mdogo, maganda ya risasi yalikuwa kila mahali huku Kolwezi, kwenye mchanga, mitaroni, hata chini ya miembe ya misioni. Wakubwa walipita wakitazama pembeni. Sisi watoto tuliokota. Mengine tuliyauza kwa fundi wa bangili, lakini mi niliyatunza mazuri, nikajifunza kuyapuliza kama filimbi. Fupi linalia kama kifaranga, refu linalia kama meli ambayo sijawahi kuiona. Kwenye avenue, yaani mtaa wetu, nilikuwa mfalme kwa sababu ya kopo lile.

Sasa tuingie darasani.

Mwalimu wetu wa fizikia, mwenye abacost, suti isiyo na tai, ya kijani iliyopauka mabegani, alikuja siku ile na gazeti la Kifaransa lenye picha. "Leo," akasema, "tunafuata safari ya risasi." Akaanza na bunduki za kale, zile unazomwagia baruti mdomoni, halafu unashindilia gololi ya risasi kwa fimbo. Hakukuwa na ganda lolote.

Mkono ukainuka nyuma. Ni yule, akimwita mwalimu citoyen, mwananchi, kama sisi sote.

"Citoyen, samahani. Ile njo gobori ya nkambo yangu."

Mwalimu akawa kama mtu aliyeokota pesa. Akamwita mbele, akampa chaki. Yule wa Sandoa akachora pembe ya baruti, nyuzi za kuziba, gololi, fimbo, na kanga aliyekaa juu ya kichuguu akingoja kufa. Akaeleza kwa sauti ndogo jinsi babu yake anavyovizia upande ambao upepo unatoka kwa mnyama. Darasa zima likanyamaza. Elewa jambo hili: mi nimefanya darasa lile licheke mwaka mzima, lakini kulinyamazisha sijawahi. Wivu ulikuwa mchungu kama sombe ya majani ya mihogo isiyotwangwa vizuri.

Mwalimu akaendelea. Baada ya gobori, mafundi wakaijengea risasi nyumba: ganda la shaba iliyochanganywa na zinki, na ndani yake baruti, kiwashio na risasi yenyewe vikakaa pamoja. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye vilima vya udongo wa mgodi. "Huenda nyumba nyingine zilitoka hapa kwetu," akasema. Halafu akainua gazeti. Sasa, akasema, Wajerumani wanataka kuivunja nyumba hiyo. Wanashikamanisha baruti kwa gundi mpaka inakuwa ngumu kama kitofali, wanaizamisha risasi ndani, basi. Bunduki ikipiga, kitofali chote kinaungua na hakuna ganda la kutema. Mzigo unapungua, na askari anabeba risasi nyingi zaidi.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikainua mkono.

"Citoyen, mama wa soko naye anauzisha karanga bila ganda tangu zamani, na kopo yake ni bei kali. Ba-Allemands bakopie akili yake, basimulipe?"

Darasa likalipuka. Hata yule wa Sandoa alicheka, na kicheko chake kiliniudhi kuliko kama angenuna.

"Toka," mwalimu akasema. "Enda ulime majani."

Nikatoka nikipunga mkono kama rais. Nililima chini ya dirisha nikijirudia ule mzaha, nikiuongezea chumvi. Ndani, mwalimu alikuwa akieleza sehemu iliyobaki: kwa nini jambo hilo linawasumbua hata mafundi wa Ulaya kwa miaka. Sauti yake ilinifikia kama nyuki ndani ya chupa. Sikujali. Nani anasikiliza matatizo ya Wajerumani?

Kengele ilipolia, habari ilinikuta nje: yule wa Sandoa atafanya exposé, yaani hotuba, Jumatatu, mbele ya préfet, mkuu wa shule, na wazazi, juu ya safari ya risasi. Mama akaalikwa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga masomoni kwa ajili yangu isipokuwa alipoitwa kwa nidhamu, akatoa kwenye sanduku kile kitenge anachovaa kwenye harusi za watu akakianika. Akatangaza kwamba Jumapili kuku atachinjwa, na baba alikuwa bado Dilolo.

"Firigisi itamupa yaya nguvu ya kusema," akasema.

Jioni ile yule wa Sandoa akaja kuketi karibu nami kwenye mkeka.

"Mudogo yangu, utaniazima kopo ya maganda? Bazazi baone namna risasi inavaa nguo."

"Ile haitoki mu nyumba."

"Hata kamoja tu?"

"Hata kamoja. Weye uko na gobori ya nkambo, mi niko na maganda. Kila mutu na yake."

"Ni sawa," akasema. "Nitachora ku tableau, na chaki."

Angegombana tungekuwa sawa. Lakini alisema ni sawa, na mama alikuwa mlangoni akisikia. Akaingia, akainama, akatoa kopo chini ya kitanda changu, akamwekea mikononi.

"Mama, ile ni yangu!"

"Na weye ni wa nani?" mama akauliza. "Yaya yako akiomba, ni mi naomba."

Usisahau hilo unaponihukumu. Walichukua firigisi, wakachukua ukimya wa darasa, sasa kopo. Kwenye msumari juu ya mkeka wake yule wa Sandoa alitundika pembe ndogo ya swala. Ndani yake kulikuwa na baruti kidogo ya babu yake, ya ukumbusho tu, maana bunduki yenyewe ilibaki kule. Aliigusa kabla ya kulala, kama watu wengine wanavyogusa msalaba. Siku ya pili, alipokwenda kisimani, mi nikaigusa pia. Sikumaliza yote. Mwizi mwenye akili huacha kidogo ili pembe isilie tupu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, na hata leo nausifia. Yule angesimama Jumatatu na maganda yangu, aseme maneno yake ya upole. Akimaliza, mi ningeinuka katikati ya wazazi: "Samahani citoyen, ile ni risasi ya jana. Ya kesho ni hii." Ningefungua kiganja, na ndani yake kitofali. Sikutaka kupiga mtu wala kitu, hata bunduki sikuwa nayo. Nilitaka mama, aliyeketi mstari wa mbele na kitenge chake, ageuze kichwa kuelekea kwangu. Hilo tu.

Gundi ya Wajerumani sikuijua, lakini mwanafunzi gani wa Katanga anakosa gundi? Daftari zetu zote tunazigandisha kwa bukari. Nikachukua bukari ya jana, nikailainisha kwa maji, nikaikanda na baruti mpaka ikawa nyeusi kama dhambi. Nikaijaza kwenye visanduku vya kibiriti. Juu ya kila kimoja nikazamisha harage jekundu badala ya risasi. Vilipendeza. Nilivitazama nikajiona fundi, mwenye kiwanda na wafanyakazi, na yule wa Sandoa akiomba kazi ya kufagia.

Tatizo likawa mvua. Ilinyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi, na Jumapili asubuhi vitofali vyangu vilikuwa bado laini kama uji wa mgonjwa. Jumatatu ilikuwa kesho. Na pale chini ya baraza mbabula ilikuwa inawaka vizuri, kuku ndani ya chungu, na mama amekwenda kwa jirani kuomba nyanya. Yule wa Sandoa alikuwa pembeni, mgongo kwangu, akikata kitunguu na kulia kwa adabu.

Nikavipanga nyuma ya chungu, kwenye ukingo wa chuma. Joto kidogo tu, nilijiambia. Nikaenda kuketi kwenye ngazi nikipiga mluzi.

Mama akarudi. Akaona makaa yamelala. Akachukua kipande cha carton akaanza kupepea, na mama yangu akipepea makaa utasema anamfukuza shetani kwenye ukoo. Nilitaka kusema kitu. Mdomo wangu, ule niliozaliwa nao, siku ile ukakataa kazi.

"Mama mudogo," yule wa Sandoa akasema, akiinua pua, "mi nasikia harufu ya..."

Fuuu!

Haikuwa kishindo kikubwa, nataka haki itendeke. Ilikuwa kama joka linalopiga chafya: mwali mmoja mrefu, halafu moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya mayai yaliyooza. Mbabula ikainuka upande mmoja, chungu kikapinduka, kuku akamwagika kwenye majivu. Harage moja likapita karibu na sikio langu likagonga mlango, ko! Ng'ambo ya ua, jirani yetu wa mgodini, mwanamume mwenye kifua kama kabati, akapiga kelele kwa sauti nyembamba:

"Balisha kurudia! Balisha kurudia!"

Na avenue nzima ikaelewa kwamba ni wale waasi wa vita waliorudi. Milango ikapigwa. Mkewe akatoka mbio na mtoto mgongoni, redio mkononi na kiatu kimoja. Mtu akawa anaita watoto wake mmoja mmoja. Sijawahi kusikia Musonoi ikiita vile tangu vita vile vya utoto wangu.

Na mama? Mama hakutazama moshi. Hakutazama chungu. Alivuka uwanja kwa namna ambayo sikujua mwili wake unaweza, akanipiga chini kwa uzito wake wote, akalala juu yangu, mkono wake ukinisukuma kisogo.

"Ulale! Ulale, mwana yangu, usiinue kichwa! Usiinue!"

Nilikuwa na mchanga mdomoni na kiwiko chake mbavuni. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mgongo wangu kama mtu anayegonga mlango usiofunguka. Na mi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilitamani moshi usiishe.

Kwa jicho moja, chini ya kwapa lake, nikamwona yule wa Sandoa. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya moshi, kisu mkono huu, kitunguu mkono ule. Hakuna mtu aliyelala juu yake. Alikuwa anatutazama, na mara moja nikalijua jicho lile. Lilikuwa langu. Nililivaa tangu siku ya firigisi ya kwanza, na sasa lilikuwa usoni kwake, nalo lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Moshi ukapungua. Hakuna risasi ya pili iliyolia. Mama akainuka taratibu, kwanza magoti, halafu mikono, akitazama uwanja kama mtu aliyeota.

Yule wa Sandoa akakaribia mbabula. Akapitisha kidole kwenye ule weusi wa ukingo, akanusa. Hakuhitaji kunusa mara mbili.

"Baruti ya nkambo," akasema.

Nikaketi, nikatema mchanga.

"Citoyen alieleza, weye ulikuwa inje," akasema. "Ganda ikitoka, inatoka na joto yake. Ukiondoa ganda, joto inabakia mu bunduki, na risasi inajipiga yenyewe. Njo ile inabashinda ba-Allemands."

"Ni cheche," nikasema. "Mama alipepea sana."

"Ni joto!"

"Cheche!"

"Joto! Na baruti ilikuwa yangu!" Hapo akalia, na si kwa kitunguu. "Ilikuwa yangu, sina kitu ingine ya kule!"

"Na firigisi ilikuwa yangu!"

Ilitoka. Sikuipanga. Ilibaki hewani pamoja na moshi. Majirani walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye ua, na jirani yetu mwenye kifua cha kabati alisimama nyuma ya wanawake.

"Nini?" mama akauliza.

"Firigisi," nikasema, chini kidogo. "Tangu alikuya, unamupa yeye. Kopo, yeye. Kitenge ya harusi, yeye."

"Na mi," yule akasema akifuta pua kwa mkono wa shati lililopigwa pasi, "uliniacha mu moshi."

Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Nilingoja kofi, nilikuwa nimekwisha kuchagua shavu. Badala yake akachuchumaa kwenye majivu, akayachokora kwa kijiti, akasukuma kando paja, akasukuma ule mgongo wa kuku ulio fungu lake, mpaka akaipata firigisi. Ilikuwa nyeusi, ndogo. Akaifuta kwa pindo la kitenge. Akaiweka kiganjani.

Sitadanganya: mkono wangu ulinyanyuka. Wa yule wa Sandoa pia.

Mama akaiweka firigisi mdomoni mwake mwenyewe.

Wanawake kwenye ua wakasema "Aaa!" kwa sauti moja, na mmoja akajifunika macho asije akaona kile ambacho mama angeona. Mama akatafuna. Alitafuna muda mrefu, akitazama mbele, taya likifanya kazi. Akameza. Akasafisha meno kwa ulimi. Halafu akasema:

"Na juu ya hii munanirudishia vita mu nyumba? Ni mupira tu. Hata chumvi haikuingia."